Kati ya Bampa na Difu

Anayetoka Anaheim kwenda Barstow, katika jimbo la California, hupita San Bernardino, akapanda kwa njia ya mlimani ya Cajon, ndipo akalikuta jangwa la Mojave. Ni safari ya saa mbili hivi, haina ajabu yoyote. Tarehe 28 Mei 1972 mama mmoja aliishika njia hiyo kwenda kukutana na mumewe, akiwa na kijana wa miaka 13 kiti cha pembeni. Gari lake lilikuwa Ford Pinto, toleo la 1972. Lilikuwa na umri wa miezi sita na halijafikisha kilomita 5,000.

Upya huo haukulisaidia. Tangu wiki za mwanzo lilikuwa na visa: linakunywa petroli na oili kupita kiasi, halina nguvu, mara linazimika lenyewe njiani. Lilirudishwa kwa muuzaji tena na tena. Baadaye ilibainika kwamba boya la kabureta lilikuwa zito kuliko inavyotakiwa, hivyo mafuta yakawa yanafurika ndani na injini inakabwa.

Siku hiyo walisimama San Bernardino, wakajaza tangi, wakarudi barabara kuu nambari 15. Wakiwa kwenye mwendo wa kama kilomita 100 kwa saa, mama aliona foleni mbele, akahama kutoka njia ya kasi kuingia ya kati. Injini ikazima. Gari likaserereka hadi likasimama katikati ya barabara. Lililokuwa nyuma yake liliwahi kukwepa. La pili, Ford Galaxie, halikuwahi. Dereva wake alikanyaga breki, na lilipogonga mwendo ulikuwa umeshuka hadi kati ya kilomita 45 na 60 kwa saa, yaani mwendo wa kawaida wa mtaani.

Pinto ikawaka palepale. Mama alifariki siku chache baadaye hospitalini. Kijana alipona, lakini kupona kwenyewe kulikuwa kufanyiwa upasuaji baada ya upasuaji kwa miaka mingi, na madaktari kukata ngozi huku na kuipandikiza kule ili apate tena pua na sikio.

Wengi waliowahi kulisikia jina la Pinto wanakijua kitu kimoja tu: kwamba kulikuwa na karatasi ambamo kampuni ilipiga hesabu ya bei ya roho ya mtu, ikaona kuwaacha watu waungue ni nafuu kuliko kurekebisha gari. Hadithi hiyo inasimuliwa vyuoni na kwenye semina za maadili ya biashara hadi leo. Mimi naona imetufanya tuangalie pabaya. Ukiufuata mkondo wa mambo kituo kwa kituo, kutoka California hadi Michigan, kutoka Washington hadi mji mdogo wa Indiana uitwao Winamac, unakuta kwamba karatasi ile siyo iliyowaka moto. Kilichowaka ni muda uliopita kati ya siku waliyojua na siku waliyosema.

Kwanza gari lenyewe. Pinto zilitoka zaidi ya milioni 3 kati ya 1970 na 1980, na baadhi zingali hai mikononi mwa wapenzi wa magari ya kale. Mmiliki mmoja huko Indiana aliniruhusu nilale chini ya yake, na dakika tano mgongoni zinafundisha kuliko kurasa nyingi za hukumu. Ekseli ya nyuma ni nzima, imepita kutoka gurudumu hadi gurudumu, na katikati yake limetokeza difu, tufe la chuma lenye ukingo mzima wa vichwa vya bolti vinavyotazama nyuma. Nyuma ya difu kuna tangi la bati. Nyuma ya tangi kuna bampa, ambalo kwenye matoleo ya mwanzo lilikuwa pambo zaidi kuliko kinga. Nafasi iliyobaki hapo nyuma ya ekseli, ambayo gari likigongwa ndiyo ingetakiwa kumeza kishindo, ilikuwa inchi tisa au kumi. Kiganja changu kilichokunjuliwa na kipande kidogo cha mkono juu ya kifundo vinaijaza.

Sasa piga picha ya kugongwa. Bampa linasukuma tangi, tangi linalifuata difu, vichwa vya bolti vinalitoboa. Wakati huohuo bomba la kujazia mafuta, ambalo limeshikizwa ubavuni mwa bodi, linachomoka kwenye tangi kama kizibo. Kwenye ajali ya San Bernardino kulikuwa na jambo la tatu: sakafu ilitengana na mabati yanayofunika magurudumu ya nyuma, ufa ukafunguka, na petroli ikanyunyizwa ndani walimokaa watu. Gari lilipoacha kusogea, wote wawili walikuwa wameshaungua.

Hayo yote yalijulikana kwenye makao makuu ya Ford, Dearborn, Michigan, kabla gari halijauzwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Volkswagen na magari madogo ya Kijapani yalikuwa yanaila soko la Marekani, na Lee Iacocca, aliyekuwa akipanda ngazi kwa kasi pale Ford, alitaka jibu la haraka. Akaweka mipaka miwili: gari lisizidi uzito wa ratili 2,000, ambazo ni kama kilo 907, na bei isizidi dola 2,000. Kazi ambayo kwa kawaida ilichukua zaidi ya miaka mitatu ikabanwa ndani ya miaka miwili hivi. Umbo likachorwa kwanza, wahandisi wakaambiwa wapenyeze mitambo humo. Mbaya zaidi, mashine za kukandamizia mabati ya bodi zilikuwa zinachongwa huku gari lingali linajaribiwa. Anayewajua mafundi wa viwandani anaelewa maana yake. Kasoro ikigunduliwa wakati huo, si kufuta mstari kwenye mchoro. Ni kutupa chuma kilichokwisha lipiwa.

Na majaribio yalifanyika. Magari ya sampuli yaligongwa kwa nyuma na kizuizi kinachosogea kwa mwendo wa maili 21 kwa saa, kama kilomita 34. Tangi likasukumwa mbele, likatoboka, petroli ikamwagika. Walipolijaribu lenye mfuko wa mpira ndani ya tangi, halikuvuja. Magari yenye tangi juu ya ekseli badala ya nyuma yake nayo yakafaulu. Kwa hiyo ugonjwa ulijulikana, na dawa ilijulikana. Hata bei za dawa zilijulikana, na mahakama ya rufani ya California ilizipanga kwenye hukumu yake kuhusu ajali ya San Bernardino kama orodha ya duka la vipuri. Ngao kati ya tangi na difu, dola 2.35. Bampa imara zaidi, dola 2.60. Kuongeza nafasi ya inchi nane, dola 6.40. Mfuko wa nailoni ndani ya tangi, kati ya dola 5.25 na 8. Kuimarisha chasi ya nyuma, kulainisha ekseli, kuboresha bampa na kuongeza nafasi, vyote kwa pamoja, dola 15.30, na hapo tangi lingehimili kugongwa nyuma kwa mwendo wa kilomita 55 hadi 61 kwa saa.

Orodha hii ndiyo karatasi ninayoitaka mimi isomwe kwenye semina.

Ipo nyingine pia. Aprili 1971, Pinto zikiwa tayari barabarani na gari la Anaheim halijaundwa bado, wakubwa wa Ford walipelekewa ripoti kwenye kikao iliyopendekeza kinga za tangi ziahirishwe kutoka 1974 hadi 1976 kwa magari yote ya kampuni. Faida ya kuahirisha ilitajwa: dola milioni 20.9. Gari la yule mama liliundwa Oktoba mwaka huohuo.

Mmoja wa waliotoa ushahidi dhidi ya Ford kwenye kesi ya kijana aliyeungua ni Harley Copp, mhandisi mwandamizi wa Ford yenyewe, aliyeondolewa kazini 1976. Alieleza kwamba uamuzi wa kuendelea na gari ulifanywa ngazi za juu kabisa na watu walioyajua matokeo ya majaribio. Kesi ilichukua miezi sita. Februari 1978 baraza la wazee wa mahakama la Orange County lilimpa kijana dola milioni 2.5 za fidia, halafu likaongeza dola milioni 125 za kuiadhibu kampuni. Jaji alizipunguza adhabu hizo hadi milioni 3.5, na mwaka 1981 mahakama ya rufani iliziacha hivyo.

Turudi kwenye karatasi maarufu, kwa sababu ina njia yake. Iliandikwa na wataalamu wawili wa Ford mwaka 1973. Ilikadiria kwamba kurekebisha magari milioni 12.5 kwa dola 11 kila moja kungegharimu dola milioni 137. Upande wa pili wa mizani iliweka watu 180 wa kufa kwa moto, kila mmoja dola 200,000. Majeruhi 180 kwa dola 67,000. Na magari 2,100 ya kuteketea kwa dola 700. Jumla milioni 49.5. Ukiisoma bila kujua zaidi, damu inasisimka.

Lakini hesabu ile haikuihusu Pinto pekee, wala haikuhusu kugongwa nyuma. Ilihusu magari yote ya Marekani na mafuta yanayovuja gari linapopinduka, na iliandaliwa kupelekwa kwa serikali ili kupinga kanuni mpya. Ile bei ya dola 200,000 kwa roho ilitokana na makadirio ya idara ya serikali ya usalama barabarani yenyewe. Jaji wa Orange County aliikataa kama ushahidi. Mwanasheria Gary Schwartz aliyaeleza haya yote mwaka 1991, na bado semina zinaendelea na hadithi ya zamani. Sisemi karatasi haina aibu. Nasema inawapa wasimamizi wa leo kitulizo cha bure, kwa sababu hakuna atakayekuwa mjinga wa kuandika tena kitu kama kile. Kuahirisha kwenye kikao hakuachi harufu hiyo.

Aliyeitoa karatasi hadharani ni mwandishi Mark Dowie, katika toleo la Septemba na Oktoba 1977 la jarida la Mother Jones. Makala yake ilizinduliwa Washington akiwa bega kwa bega na Ralph Nader, mtetezi wa watumiaji wa bidhaa, na barua zikaanza kumiminika kwenye idara ya usalama barabarani. Idara ilichunguza. Mei 1978 ikatangaza kwamba kasoro ipo, na kwamba imeorodhesha vifo 27 vya watu waliokuwa kwenye magari yaliyogongwa nyuma na kuwaka. Juni, kabla ya kikao cha hadhara, Ford ikakubali kuyaita magari milioni 1.5 yarudi kwa wauzaji: Pinto za 1971 hadi 1976 na ndugu yake Mercury Bobcat. Matengenezo yalikuwa bomba refu zaidi la kujazia na ngao ya plastiki mbele ya tangi. Ngao hiyo niliigusa nilipolala chini ya ile ya Indiana. Ni bamba jepesi tu.

Kutangaza ni kitu kimoja, barua kufika ni kingine.

Barabara nambari 33 ya Indiana, kati ya Goshen na Elkhart, imenyooka kwenye ardhi tambarare. Upande wa Goshen bado utayapita magari ya farasi ya Waamish, na upande wa Elkhart viwanda vinavyounda nyumba za magurudumu. Jioni ya tarehe 10 Agosti 1978 wasichana watatu, ndugu wawili na binamu yao, walikuwa wanaipita na Pinto ya 1973, wakielekea kwenye mchezo wa voliboli kanisani. Walikuwa wamejaza mafuta na kusahau kifuniko cha tangi juu ya paa. Kilipoanguka wakageuza kukirudia, wakapunguza mwendo, na gari kubwa aina ya Chevrolet likawapiga kwa nyuma. Wawili walifia palepale. Wa tatu, aliyekuwa akiendesha, aliishi saa chache hospitalini.

Tangazo la Juni lilikuwa limekwisha tolewa wakati huo. Barua ya Ford ya kulitaka gari lirudishwe ilifika kwa familia Februari 1979, miezi sita baada ya mazishi.

Mwendesha mashtaka wa wilaya ya Elkhart, Michael Cosentino, hakuwa mwanaharakati. Alikuwa mhafidhina wa chama cha Republican. Alifanya jambo ambalo Marekani ilikuwa haijalishuhudia: aliishtaki kampuni kubwa kwa kuua bila kukusudia kutokana na ubovu wa bidhaa yake. Adhabu ya juu kabisa ilikuwa faini ya dola 30,000, fedha ambazo Ford ingezilipa bila kuhisi. Kampuni haikuzitazama hivyo. Ilimwajiri James Neal, wakili aliyejipatia jina kwa kuwashtaki wasaidizi wa Nixon kwenye sakata la Watergate, na ikamwaga fedha. Cosentino alitegemea bajeti ya wilaya ya takriban dola 20,000, walimu wa sheria waliojitolea na wanafunzi wao.

Kesi ilihamishiwa Winamac, wilaya ya Pulaski, mji wa wakulima kando ya mto Tippecanoe. Jengo la mahakama ni la mawe, kubwa kuliko unavyotarajia kwa mji wa ukubwa ule, na limezungukwa na maduka machache. Januari 1980 waandishi kutoka nchi nzima walijazana humo. Kilichojadiliwa ndani, hata hivyo, kilikuwa kimebanwa sana. Sheria ya Indiana iliyotumika ilikuwa mpya kuliko gari, kwa hiyo kampuni isingeweza kuhukumiwa kwa kuliunda vibaya mwaka 1973. Iliyobaki ni hoja moja: je, kati ya tarehe 1 Julai na 10 Agosti 1978, siku 41, Ford ilizembea kwa makusudi kuwaonya wenye magari na kuyarekebisha?

Naiona hoja hiyo kuwa ya kweli zaidi kuliko zote zilizowahi kuulizwa kuhusu Pinto, ingawa iliulizwa kwa bahati tu ya tarehe za sheria. Bahati mbaya ni kwamba ushahidi wa kuijibu ulifungiwa nje. Jaji Harold Staffeldt alikataa sehemu kubwa ya nyaraka za ndani za Ford kwa sababu zilihusu matoleo ya 1971 na 1972, wakati gari lililoungua lilikuwa la 1973. Neal akaleta filamu za majaribio kuonyesha kwamba magari madogo ya kampuni nyingine nayo yangevuja kwa kishindo kile, na akaleta shahidi wa hospitali aliyesema kwamba marehemu alimweleza gari lilikuwa limesimama kabisa. Kama lilikuwa limesimama, tofauti ya mwendo ilikaribia kilomita 80 kwa saa, na hakuna tangi dogo la enzi hizo ambalo lingehimili. Baraza lilijadiliana siku nne. Tarehe 13 Machi 1980 likasema Ford haina hatia.

Wapo wanaosema Winamac ilikuwa ushindi wa kampuni na hakuna zaidi. Lakini kanuni ya serikali iliyotaka matangi yahimili kugongwa nyuma, ile ambayo Ford na wenzake waliipigia kelele kwa miaka minane, ilikuwa imekwisha anza kazi kwa matoleo ya 1977. Magari mapya yalikuwa na nafuu. Suala likabaki kwa yaliyokwisha uzwa, na hapo mchezo ulirudiwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Ford ilianza kufunga swichi ndogo iliyoundwa na Texas Instruments kwenye masta silinda ya breki. Kazi yake ni kukata mfumo wa kushikilia mwendo dereva akikanyaga breki kwa nguvu. Upande mmoja kuna mafuta ya breki, upande wa pili kuna umeme, na katikati utando mwembamba wa plastiki. Gari likikaa miaka, utando unachoka, mafuta yanapenya, yanakula vigusio, joto linapanda. Na swichi ile ilikuwa na umeme saa zote, hata ufunguo ukiwa mfukoni mwa mwenye gari. Ndiyo maana magari hayo yaliwaka usiku yakiwa yameegeshwa, mengine ndani ya gereji zilizoungana na nyumba. Mwaka 1999 yaliitwa machache, ya aina tatu za matoleo ya 1992 na 1993. Kisha mengine, kisha mengine, hadi Oktoba 2009, jumla ikapita milioni 14. Miaka kumi, swichi ileile.

Kasoro ya aina hii haionekani gari likiwa jipya. Inasubiri gari lizeeke, na gari likizeeka huwa limeshauzwa mara mbili au tatu. Barua inamfuata mwenye jina kwenye daftari la usajili. Marekani na Japani daftari hilo lipo na linafanya kazi. Japani, kwa mfano, tangu 2018 gari ambalo mfuko wake wa hewa wa kampuni ya Takata uliotakiwa kubadilishwa haujabadilishwa linaweza kunyimwa cheti cha ukaguzi. Likishapakiwa melini kuja Mombasa au Dar es Salaam, masharti hayo yanabaki bandarini kule. Kenya inakataza magari yaliyopita miaka minane, na Tanzania inayatoza kodi zaidi ya uchakavu, lakini umri si kasoro. Gari la miaka sita linaweza kuingia na kila karatasi ya ukaguzi na bado liwe lilikwisha itwa na kiwanda, likakosa kwenda.

Mnunuzi anaweza kulitafuta mwenyewe, ila ajue pa kutafuta. Tovuti ya idara ya usalama barabarani ya Marekani inataka namba ya tarakimu na herufi 17, na magari yaliyoundwa kwa soko la ndani la Japani hayana namba hiyo. Yana namba ya fremu, fupi, yenye kistari katikati. Hiyo inaingizwa kwenye kurasa za Kijapani za Toyota, Nissan, Honda au Mazda, na jibu hutoka hapohapo kwa Kijapani: limeitwa au halijaitwa, limetengenezwa au bado. Fundi anayejua Kijapani ni adimu, lakini programu ya kutafsiri kwenye simu inatosha, na kazi hiyo ifanywe kabla hela haijatumwa, wakati gari lingali mahali ambapo kubadilisha kifaa hicho ni bure.